Niliandika "Mji"

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe kabla ya kalamu. Mchoraji Mkuu wa ofisi ya ramani ya mkoa, mzee mfupi aliyefunga tai hata siku za joto, aliniketisha mbele ya meza iliyoinama, akanitandikia karatasi ya kunakilia, ile ngumu inayopitisha mwanga, akaniambia nikwangue jina la mtaa ambalo mwenzangu alikuwa amelikosea. Wino wa ramani haufutiki kwa ufutio. Unakwanguliwa kwa ncha ya wembe, taratibu, bila kutoboa karatasi, kisha pale palipokwaruzika unapalainisha kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Herufi sita tu zilinichukua kuanzia saa mbili asubuhi mpaka chai ya saa nne. Nilitoka jasho jamani, na ilikuwa Julai, Arusha yote imejikunyata kwa baridi.

"Umejifunza nini?" akaniuliza.

"Kukwangua, mzee."

"Hujajifunza kitu. Kabla hujaandika neno kwenye ramani, jiulize nani atalisoma, na yeye atalielewa vipi. Wewe hutakuwepo kumfafanulia."

Nikaitika ndiyo mzee, kama tulivyowaitika wakubwa wakati ule, huku akili yangu ikiwa kwenye chumba nilichopanga Sekei ambacho paa lake lilikuwa linavuja. Nilikuwa msichana wa Akheri, kijiji cha mlimani Meru, nimemaliza mafunzo ya uchoraji ramani, na nilidhani kazi yote ni mwandiko mzuri. Mwandiko nilikuwa nao, siwadanganyi. Ninyi vijana mnaokuja kunisalimia mkiwa na simu zenye picha ya dunia nzima huniuliza tuliwezaje kupanga miji bila vifaa. Tuliweza, tena vizuri. Lakini kwa mwandiko wangu huohuo mzuri nilikaribia kuua mji wa mama yangu, na hadi leo sina hakika kama nimeuokoa. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Monduli, nikachora malambo na mipaka ya malisho. Kisha Babati, ambako Afisa Ardhi wa Wilaya alinitumia zaidi kumwandikia kadi za harusi kuliko ramani. Huko ndiko nilikojifunza kusoma picha za anga. Ndege hupita ikipiga picha zinazopandana; ukiziweka mbili pamoja chini ya miwani maalumu yenye miguu minne, jicho la kushoto likaona moja na la kulia nyingine, nchi inanyanyuka ghafla. Miti inasimama, mabonde yanazama, paa la nyumba linakujia usoni. Mara ya kwanza nilirudi nyuma na kiti! Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mahali palipowahi kukaliwa huonekana hata kama nyumba imekwisha kutoweka. Udongo wake una rangi yake, majani yake yanaota kivingine. Nilizoea kupitisha kidole juu ya madoa yale nikijua kwamba hapo watu walipika na kulala.

Niliporudishwa Arusha, enzi za ruksa zilikuwa zimepamba moto. Sabuni na sukari zimerudi madukani, mitumba imejaa barabarani, madishi ya televisheni yanaota juu ya mapaa. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na huko kwetu mlimani watu waling'oa mibuni waliyopandiwa na babu zao, wakauza kiwanja. Kila aliyepata chochote, wa madini, wa duka, wa shirika, alinunua matofali. Afisa Mipango Miji wa Mkoa, tuliyemwita Bwana Mipango, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya kuhubiri, alikuwa anachanganyikiwa. Alikuwa na mpango kabambe wa mji, yaani ile ramani kubwa inayosema wapi pawe soko, wapi shule, wapi pasijengwe, na kila tulipomaliza kuuchora tulikuta watu wameshajenga pale tulipoandika bustani.

"Mama Upendo," aliniambia, kwa kuwa nilikuwa nimeshampata binti yangu Upendo, "sisi ni wapanga mji au waandishi wa tanzia? Kila siku tunaandika yaliyokwisha kutokea."

Ndipo wafadhili walipoleta kompyuta. Tatu, zikafungiwa chumba chenye zulia na kiyoyozi, tukawa tunavua viatu mlangoni. Pamoja nazo akaja Kombo, mtaalamu wa hesabu, mwenyeji wa Tanga, aliyesomea Ulaya na kurudi na miwani minene. Kazi yake ilikuwa kutengeneza modeli, yaani mji wa hesabu ndani ya mashine, ambao ungekua mbele ya macho yetu kabla mji wenyewe haujakua. Mimi nilipewa kazi ya kumwandalia ramani, kutunza printa na kubadilisha utepe wake wa wino. Tulitaniana tangu siku ya kwanza.

"Ninyi watu wa bara," aliniambia, "Kiswahili mnakipiga kwa jembe."

"Na ninyi wa pwani mnakipaka mafuta mpaka hakishikiki."

Kombo aliikata nchi yote, kutoka katikati ya mji hadi mashamba ya Meru, katika visanduku vidogo. Kisanduku cheupe hakijajengwa, chekundu kimejengwa. Ukibonyeza mara moja, mwaka mmoja unapita, na kila kisanduku cheupe kinawachungulia majirani zake wanane. Majirani wengi wakiwa wekundu, barabara ikiwa karibu na mteremko si mkali, nacho kinaweza kugeuka. Kinaweza, si lazima, kwa sababu kulikuwa na bahati nasibu: mashine inarusha kete yake yenyewe. Na kikishakuwa chekundu hakirudi kuwa cheupe. Kanuni hiyo Kombo aliiandika kwa mkono wake, kwamba mji haubomoki.

"Kwa hiyo ni umbea tu," nikamwambia. "Jirani kajenga, na mimi nijenge."

"Wallahi, umeielewa kuliko maprofesa walionipa digrii."

Kabla ya kuiuliza ya kesho tuliipima kwa yaliyopita. Tuliianzishia picha za anga za zamani, tukabonyeza mpaka ikafika mwaka tuliokuwa nao, kuona kama itachora mji tunaoujua. Daraja Mbili ilijaa kwenye kioo kisanduku kwa kisanduku, kwa namna ileile niliyoiona ikijaa kwa macho yangu, hadi ule uwazi wa karibu na mto ambapo watu walijenga mwishoni kabisa. Bwana Mipango alikuwa amesimama nyuma yetu na soksi zake, mikono kifuani, na mimi nilivuta kanga mabegani.

Upande wa mashariki tu ndio uliokataa. Akheri na jirani zake walitoka weupe tupu, kama hakuna mtu aliyewahi kukanyaga. Bwana Mipango akasema modeli haina kumbukumbu ya upande ule.

"Mama Upendo, wewe ni wa kule. Kawaulize wazee miji ya zamani ilikuwa wapi, uitie kwenye ramani. Kombo ataipa mvuto, maana watu hurudi palipowahi kukaliwa."

Hapa ndipo nilipokosea, na naomba mnisikilize vizuri. Kwa Bwana Mipango na kwa Kombo, mji ni mji: maduka, barabara, watu wengi. Kwetu, mji ni wa mtu. Tunasema mji wa fulani tukimaanisha nyumba yake, mke, watoto, migomba, ng'ombe na makaburi nyuma ya jiko. Mtu akifa bila kuacha wa kuwasha moto, tunasema mji wake umekufa. Nilipoambiwa miji ya zamani, masikio yangu ya kazini yalisikia amri ya ofisi, na miguu yangu ikanipeleka kwa mama.

Mama yangu alikuwa anaishi peke yake Akheri, katikati ya migomba. Baba alishalala, na kaka yangu mmoja alitangulia bila mtoto. Nilimkuta anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Elifuraha. Na hilo bomba la karatasi ni la nini?"

Nikamweleza. Akafikiri, akachukua fimbo, tukatoka. Mama alinionyesha miji saba iliyokufa, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wa jinsi ilivyokufa: kwanza kwa mfuga nyuki, kisha kwa wajane wawili, kisha kwa mwalimu wa dini, na wengine hadi wa saba. Hapakuwa na nyumba tena. Palikuwa na masale tu, ile mimea ya majani marefu tunayoipanda mipakani na makaburini, imekua juu kuliko mtu. Kila tulipofika, mama alisimama nje ya masale akaita, "Hodi." Kisha anasubiri. Si kusubiri kwa kupumzika, bali kule kusubiri kwa mtu aliyebisha mlango na kusikia mwenye nyumba anavaa viatu. Halafu anaingia. Ukungu wa mlimani ulikuwa umeshuka, na mahali pa nne mama alisubiri kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema hapo tusiingie leo.

Nilichora duara kila mahali. Pembeni ya kila duara, kwa herufi zangu nzuri, niliandika "mji". Mara saba.

"Unawaandika ili wafanywe nini?" mama akauliza.

"Wakumbukwe, mama."

"Mimi nawakumbuka bila karatasi," akasema, tukarudi kula.

Wiki iliyofuata tuliitwa wote chumbani kutazama. Kombo akabonyeza. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya. Mwaka wa tatu, katikati ya weupe wa Akheri, pasipo barabara wala duka, kisanduku kimoja kikawa chekundu peke yake. Bwana Mipango akapiga makofi. Mwaka wa tano kikawaka kingine, mbali na cha kwanza. Wa sita, cha tatu. Nilikuwa nimesimama, nikatafuta kiti. Kwa mfuga nyuki. Kwa wajane. Kwa mwalimu wa dini.

Bwana Mipango alipotoka nilimshika Kombo mkono.

"Yale maduara yangu umeyaingiza kama nini?"

"Kama ulivyoandika. Miji saba midogo, kila mmoja na mvuto wa soko na zahanati."

"Si miji hiyo. Ni miji."

"Mama Upendo, hebu rudia taratibu."

"Mji wa mtu! Nyumba moja, mume, mke, ng'ombe wawili. Na wamekufa wote, Kombo. Yale ni makaburi."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Yaani nimepanda soko makaburini!" Kisha akaniona nilivyo, akairudisha miwani usoni.

Nikamwambia na lile la pili, kwamba vinawaka kwa mpangilio wa vifo vyao. Alisema haiwezekani, kwenye maduara sikuweka namba, na kete ni kete. Labda mashine inaanza kurusha kete kutoka namba ileile, kwa hiyo inarudia mchezo uleule. Akabadilisha namba ya kuanzia. Tukabonyeza upya, na vikawaka kwa mpangilio uleule. Akabadilisha tena, safari hii akaniomba nimtajie mimi namba yoyote inayonijia kichwani. Uleule. Kombo alijipangusa mikono kwenye suruali.

"Kuna sababu ya kihesabu," akasema. "Sijaiona tu."

Lakini kilichonikaa rohoni kilikuwa kingine. Katikati ya yale maduara saba palikuwa na kisanduku ambacho sikukitia alama yoyote, kwa kuwa mji huo ulikuwa hai. Ulikuwa wa mama. Mara zote tatu kilibaki cheupe huku majirani wote wakiwa wekundu, mwaka baada ya mwaka, na mara zote tatu kikageuka chekundu mwaka wa kumi na tisa. Kombo alichapisha jaribio la mwisho, karatasi ishirini na tano, moja kwa kila mwaka, nikachukua nakala. Nilipofika ya mwisho nikaona kisanduku cha mama kimerudi kuwa cheupe.

"Kombo, si ulisema hakirudi?"

Akaitazama karatasi, akaitazama printa. "Utepe umeruka," akasema, akatoka kwenda kuvuta sigara, yeye ambaye sikuwahi kumwona akivuta.

Nilimfuata Bwana Mipango ofisini kwake siku hiyohiyo. Nilimweleza kosa la neno, si lile la kete, maana angenipeleka hospitali. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama Upendo, ramani imeshakwenda kwa wakubwa. Unataka nikawaambie mpango wao umeota makaburini kwa sababu ya neno moja?"

"Ndiyo, mzee."

"Huko Akheri nyumba zitajengwa au hazitajengwa?"

"Siku moja zitajengwa."

"Basi si kosa. Tumewahi tu. Usinivurugie."

Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya watakaopelekwa masomoni Dar es Salaam. Nikanyamaza. Naliandika hili bila kujitetea: nilinyamaza kwa sababu ya masomo ya miezi tisa. Kitu pekee nilichofanya ni kuchukua ile karatasi yangu ya asili, nikafunga mlango, nikalikwangua neno "mji" mara saba kwa wembe kama nilivyofundishwa siku ya kwanza. Nilipomaliza karatasi ilikuwa safi, na nakala zake zilikuwa zimeshaenea nchi nzima.

Nilirudi kutoka Dar nikakuta gari nje ya migomba ya mama. Dalali mmoja, kijana msafi wa viatu, amekaa kwenye kigoda changu mwenyewe, ametandika fotokopi magotini.

"Shikamoo mama," akanisalimia, kisha akamgeukia mama yangu. "Bibi, mimi sisemi uongo. Serikali yenyewe imeshapaita hapa mji. Soma. Ukichelewa, watapachukua bure."

Mama hakuwa na shule nyingi, lakini barua zangu kutoka Monduli na Babati alikuwa amezisoma hadi zikachanika. Akaisogeza ile fotokopi karibu na macho. Akanitazama.

"Elifuraha. Huu si mwandiko wako?"

Natamani ningekuwa nimekufa kabla ya siku ile. Nilisema, "Ni wangu, mama." Dalali akatabasamu, akadhani nimemsaidia. Mama alimfukuza kwa fimbo, na dalali alipokuwa anawasha gari lake, mama akanishika mkono bila kugomba, akanipeleka mpaka kwenye masale ya mfuga nyuki.

"Wewe ndiye uliyewaandika. Waambie mwenyewe."

Nilikuwa mtu mzima, mtumishi wa serikali, Mlutheri wa kila Jumapili. Nikasema hodi. Nikasema, ni mimi niliyewaandika, nilikosea, naomba radhi. Tukasubiri. Hapakuwa na upepo, na majani ya masale yalikuwa yametulia tuli. Baada ya muda mama akaitika kwa kichwa, kama aliyeambiwa jambo, akageuka kuondoka.

"Wamesemaje, mama?"

"Wameuliza kama huko kwenye karatasi kuna moto."

Njiani akaniambia ambacho nimekibeba hadi leo. Alisema mji si migomba wala kuta; mji ni moto unaowashwa na mtu wa hapo. "Hawa walikosa mtu. Mimi nina wewe. Usiache mji ufe."

Wajenzi walikuja. Wa kwanza alijenga kwa mfuga nyuki, nyumba ya matofali yenye geti la bluu. Walionunua hawakujua chochote. Walikuwa watu wema tu, wafanyabiashara kutoka Kilimanjaro, waliopata fotokopi kwa madalali. Kombo aliniambia kabla hajahama kwamba hiyo ndiyo sababu aliyokuwa akiitafuta: watu wanajenga kwa sababu ramani imesema watajenga. Nikamuuliza, na mpangilio je? Akaniaga akaenda zake. Mimi nikawa na desturi mbaya. Kila Desemba nilitoa karatasi za printa kwenye sanduku la bati, nikaenda Akheri, nikaweka tiki. Mwaka wa tano, wajane wawili. Wa sita, mwalimu wa dini. Sikuwahi kukosa kuweka tiki, na kila mwaka nilitazama kisanduku cha mama na kuhesabu imebaki miaka mingapi kabla ya ule wa kumi na tisa. Niliamini huo ndio mwaka ambao tingatinga litapita juu yake.

Mama alifariki mwaka wa kumi na moja, tukamzika ubavuni mwa baba. Niliifunga nyumba kwa kufuli, nikarudi kazini, maana nilikuwa nimepandishwa kuwa Mchoraji Mkuu, ingawa wakati huo hakuna aliyechora tena kwa mkono. Kila mwaka niliahidi kurudi. Ukuta wa udongo ukaanguka, jiko likaanguka, masale yakafunga njia. Madalali hawakukoma. Mmoja aliniambia bila hata kuona aibu, "Mama, hapa si pameshakufa?"

Nilikuwa ndani ya migomba nikikata majani makavu siku nilipowasikia watoto wa shule wakipita nje. Mmoja alisimama kwenye masale ya mama yangu. Hakuniona. Akasema, "Hodi," akasubiri, kisha akapita kwa haraka kuwakimbilia wenzake. Alikuwa amefundishwa nyumbani kwao namna ya kupita kwenye mji uliokufa.

Nilikaa chini kwenye udongo nikalia. Mwaka uleule nilistaafu, na kiinua mgongo changu chote nilikimwaga pale. Nilijenga vyumba vitatu, nikayaacha makaburi mahali pake, na siku ya kuhamia niliwasha moto wa kuni jikoni kabla ya kuingiza hata kitanda. Desemba ilipofika nikatoa karatasi zangu kuweka tiki. Ilikuwa ya kumi na tisa. Kisanduku cha mama kilikuwa chekundu.

Miaka yote ile nilimtazamia adui, kumbe mjenzi alikuwa mimi. Majirani zangu wanane walikuwa wekundu, nami nikageuka, kama Kombo alivyosema. Nilicheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia. Nikajiambia labda mashine haikukosea neno hata kidogo. Niliilisha miji ya kwetu, nayo ikanijibu kwa lugha ya kwetu: hapa mtu atawasha moto.

Kwa hiyo, wanangu mnaofanya kazi hizi sasa, modeli zenu ni nzuri na zina rangi nyingi. Siwazuii. Ila nendeni mkaulize neno lina maana gani kwa aliyelisema, na kwa atakayelisoma. Hilo ndilo somo la kazi yangu, nililopewa siku ya kwanza na nikalidharau.

Ninalobaki nalo ni karatasi moja. Nimeshaweka tiki ya ishirini na nne. Ya ishirini na tano ni ya mwaka kesho, na juu yake kisanduku changu ni cheupe. Kombo alisema utepe umeruka. Mwenye kubadilisha utepe ofisini nilikuwa mimi, na nilikuwa nimeweka mpya asubuhi ile.

Binti yangu Upendo anaishi Dar es Salaam na amekuwa akisema kwamba nikiondoka atauza, maisha yake yako huko. Mwezi uliopita nilimsimulia haya yote kwenye simu. Akacheka, akasema mama unazeeka. Jana akapiga mwenyewe, saa za kazi, sauti yake iko chini.

"Mama, hicho kisanduku ni cheupe kabisa, au kuna nukta nyekundu?"

"Njoo uangalie kwa macho yako."

"Nitakuja na watoto wakifunga shule. Utanipokea stendi ya Tengeru?"

"Njia unaijua. Ila ukifika usiingie moja kwa moja. Piga hodi kwenye masale, usubiri."

"Nisubiri nini, mama?"

"Kama nipo utanisikia nikisema karibu. Kama sipo, subiri kidogo hivyohivyo, kisha uingie uwashe moto."